Gari la Haibridi: Akiba ya Mafuta, Betri na Ununuzi

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme, pamoja na kompyuta inayoamua kila wakati ni ipi ivute gari, au zote mbili zivute pamoja. Aina iliyoenea Afrika Mashariki haichomekwi kwenye soketi. Umeme wake hutengenezwa ndani ya gari lenyewe, kwa nguvu ya injini na kwa mwendo unaovunwa wakati wa kufunga breki. Gari la kwanza la namna hii kutengenezwa kwa wingi ni Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997 na kufika masoko mengine mwaka 2000. Leo Prius na jamaa zake Aqua, Axio na Fielder, pamoja na Honda Fit, Honda Vezel na Nissan Note, hushushwa melini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa.

Kinachowavuta madereva wengi kwenye magari haya ni bei ya mafuta. Tanzania bei kikomo hutangazwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14. Mwaka 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na mwaka 2023 Nairobi ilivuka shilingi 200 za Kenya. Mtu anayeendesha kila siku kwenda kazini, na zaidi yake dereva wa teksi za mtandaoni anayejaza mafuta kwa pesa aliyoipata mchana uleule, alianza kuuliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita kabla ya kuuliza rangi au mwaka. Swali hilo ni la haki. Ila jibu lake si moja kwa madereva wote. Linategemea barabara anayopita dereva na hali ya betri ya gari analonunua, na mambo hayo mawili ndiyo yanayofaa kupimwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Mafuta yanaokolewa wapi

Gari la petroli la kawaida hupoteza mafuta mengi zaidi pale linapokwenda kidogo zaidi. Likisimama kwenye foleni, injini inaunguruma na kuchoma petroli bila kusogea hata hatua moja. Likianza kwenda, injini hutumia nguvu kubwa kuondoa tani nzima ya chuma kutoka kusimama. Mita hamsini mbele dereva anakanyaga breki, na nguvu yote ile inageuka joto kwenye pedi na diski, ikapotea hewani. Kutoka Mwenge hadi Posta jijini Dar es Salaam saa moja asubuhi, au kwenye Barabara ya Jogoo jijini Nairobi jioni, kitendo hicho hurudiwa mara nyingi kupita kiasi.

Haibridi huziba mianya hiyo mmoja mmoja. Gari likisimama, injini huzima yenyewe. Taa, redio na kiyoyozi huendelea kwa umeme wa betri. Likianza kutambaa, mota ndiyo inayovuta, kwa kuwa mota ya umeme ina nguvu kamili tangu mzunguko wa kwanza, ambapo injini ya petroli ni dhaifu na yenye ulafi katika mwendo huo. Dereva akiondoa mguu au kukanyaga breki taratibu, mota hugeuka jenereta: magurudumu yanaizungusha, gari linapungua mwendo, na umeme unarudi kwenye betri. Pedi za breki hushika kwa nguvu pale tu dereva anapokanyaga kwa ghafla au gari linapokaribia kusimama kabisa.

Kuna akiba nyingine ambayo haionekani kwa macho. Kwa kuwa mota ipo kusaidia wakati wa kupanda mlima na kulipita gari jingine, injini haihitaji kuwa na nguvu ya ziada ya kukaa bure. Toyota hutumia mzunguko unaoitwa wa Atkinson, ambapo valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunga ili nguvu ya mlipuko itumike kwa muda mrefu zaidi kuliko muda wa kukandamiza hewa. Injini ya namna hiyo ni nzito kuanza mwendo, lakini inabana mafuta sana. Katika Prius iliyotoka mwaka 2015, injini iliweza kugeuza hadi asilimia 40 ya nishati iliyomo kwenye petroli kuwa kazi, kiwango cha juu kwa injini ya petroli ya gari dogo.

Kutokana na hayo, mahali pa haibridi ni mjini. Kwenye barabara kuu, gari likishika kilomita 100 kwa saa kutoka Chalinze hadi Morogoro bila kusimama, hakuna breki za kuvuna wala foleni ya kuzimia injini. Petroli ndiyo inayovuta karibu muda wote, na tofauti kati ya haibridi na gari dogo la kawaida lililotunzwa vizuri inakuwa ndogo. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na wanunuzi wa mikoani wanaosafiri masafa marefu ndio wanaoumia kwa kutolijua.

Hesabu ya dereva mwenyewe

Takwimu za kiwandani zisitumike katika hesabu. Aqua ilipoingia sokoni Desemba 2011 ilipewa alama ya kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Japani cha wakati huo, kipimo kinachofanyika ndani ya jengo, gari likiwa juu ya rola, bila kiyoyozi, bila abiria watatu na bila matuta. Barabarani, Aqua nzima yenye matairi yaliyojazwa upepo vizuri huleta kwa kawaida kilomita 18 hadi 24 kwa lita mjini. Hiyo bado ni nzuri mno, na haihitaji kutiwa chumvi.

Njia ya kupata ukweli ni rahisi. Dereva ajaze tenki la gari analotumia sasa hadi pampu ikatike, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, aendeshe kama kawaida wiki mbili, kisha ajaze tena hadi pampu ikatike. Kilomita alizokwenda zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili, ndilo jibu. Kipimo hiki kirudiwe mara mbili au tatu, maana wiki ya likizo ya shule na wiki ya mvua hazilingani.

Ichukuliwe mfano wa dereva anayekwenda kilomita 1,500 kwa mwezi, nyingi zikiwa ndani ya jiji, kwa gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Anachoma lita 125. Kwa haibridi ya kilomita 20 kwa lita atachoma 75. Zimebaki lita 50 kila mwezi: kwa bei ya shilingi 180 za Kenya kwa lita ni shilingi 9,000, na kwa bei ya shilingi 3,000 za Tanzania ni shilingi 150,000. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 4,000 kwa mwezi katika mitaa hiyohiyo huokoa lita 133, karibu shilingi 24,000 za Kenya. Lakini msafiri wa barabara kuu mwenye kilomita 1,500 zilezile, ambaye gari lake la kawaida humpa kilomita 17 kwa lita na haibridi ingempa 21, anaokoa lita 17 tu. Na mstaafu anayeendesha kilomita 400 kwa mwezi, sokoni na msikitini au kanisani, anaokoa lita 13 hata kama yuko katikati ya jiji.

Tuseme haibridi inauzwa shilingi 200,000 za Kenya zaidi ya gari la kawaida la ukubwa na umri uleule. Dereva wa teksi atairudisha pesa hiyo kabla ya miezi tisa. Mfanyakazi wa mjini atahitaji chini kidogo ya miaka miwili. Msafiri wa barabara kuu atasubiri zaidi ya miaka mitano na mstaafu karibu saba, muda ambao betri yenyewe inaweza kuhitaji kubadilishwa. Hawa wawili wa mwisho wakinunua haibridi, wawe na sababu nyingine.

Jambo moja zaidi huwapotosha watu katika hesabu hizi. Kilomita kwa lita zikipanda kutoka 6 hadi 10, dereva wa kilomita 1,500 ameokoa lita 100. Zikipanda kutoka 20 hadi 30, hatua inayoonekana kubwa zaidi, ameokoa lita 25 tu. Kwa hiyo anayeacha gari kubwa la cc 2,500 na kuchukua haibridi ya kawaida atasikia nafuu kubwa kuliko anayehangaika kutafuta haibridi bora zaidi kupita zote. Hesabu ifanyike kwa lita zinazoungua na pesa zinazotoka, si kwa alama iliyoandikwa kwenye tangazo.

Sababu nyingine za kuichagua

Mafuta ndiyo sababu kuu, lakini si pekee. Pedi za breki hudumu muda mrefu kwa sababu kazi yake imepungua. Aqua na Prius hazina stata wala alteneta za kawaida, vitu viwili vinavyopeleka magari mengi gereji. Gia ni mfumo wa sayari usio na klachi wala mkanda, na ni miongoni mwa sehemu imara kabisa za gari hilo. Ndani kuna utulivu ambao dereva anayekaa saa nne kwa siku kwenye msongamano huuthamini haraka, na kiyoyozi kinafanya kazi hata injini ikiwa imezima, jambo lisilo dogo Mombasa mwezi wa pili.

Kwa wengine, haibridi ni njia ya kupunguza moshi bila kutegemea vituo vya kuchajia, ambavyo bado ni vichache nje ya miji mikubwa. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Dereva aliyeokoa lita 50 kwa mwezi amepunguza zaidi ya kilo 110, na hewa ya mtaa imekuwa nyepesi kidogo kwa wanaotembea kando ya barabara na wachuuzi wanaoshinda hapo kutwa. Umeme ukikatika, gari hili haliathiriki.

Kodi nazo zina sehemu yake, ingawa hubadilika kila bajeti. Kenya, ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 1,500. Aqua, Axio, Fit na Vezel za haibridi, zote zikiwa chini ya cc 1,500, huangukia upande wenye nafuu, na Prius ya cc 1,798 huangukia upande wa pili. Kenya pia haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, hivyo haibridi inayoingia huwa na betri ambayo haijazeeka sana. Tanzania hupokea magari makuukuu zaidi, lakini kuanzia miaka 8 huongezwa ushuru wa uchakavu, unaopanda tena gari likizidi miaka 10. Kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, mtandaoni hutoa jumla yake kabla ya gari kuagizwa. Rwanda iliyasamehe magari ya haibridi kodi kadhaa mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikarudisha sehemu yake. Mnunuzi asijenge uamuzi wa miaka kumi juu ya msamaha wa mwaka mmoja.

Magari yaliyopo sokoni

Toyota Aqua ndiyo mlango wa kuingilia kwa wengi: ndogo, rahisi, vipuri vinapatikana, na mafundi wameshaizoea. Kasoro yake ni ufupi. Tumbo lake liko karibu na ardhi, na mwenye njia ya makorongo hadi nyumbani ataligusisha kila siku. Axio na Fielder za haibridi, zilizoanza mwaka 2013, hutumia injini ya ukubwa uleule na zina nafasi zaidi ya mizigo, hivyo hufaa familia. Prius ni kubwa na tulivu zaidi, lakini ile iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2015 ina ugonjwa wake: njia ya kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini hujaa masizi, joto linapanda, na mwishowe gasketi ya silinda hedi inaungua. Dalili ni mtikisiko mkali injini inapowaka asubuhi na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja popote. Njia hiyo ikisafishwa mapema, injini hiyo ni ya kudumu.

Honda Fit na Vezel zilizotoka kuanzia mwaka 2013 zina mfumo mwingine: gia saba zenye klachi mbili, na mota imekaa ndani ya gia. Zinakimbia vizuri na zinabana mafuta. Hata hivyo Honda ilizirudisha kwa marekebisho mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, hasa kwa ajili ya programu ya gia hizo, na klachi zake hazipendi kutambaa kwenye foleni ya kupanda mlima. Mnunuzi atake uthibitisho kuwa marekebisho yalifanyika, na ajaribu gari likiwa limepata moto, maana gia mbovu mara nyingi hutulia likiwa baridi.

Nissan Note ya e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ni tofauti na zote. Injini yake ya cc 1,198 haiunganishwi na magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayoendesha gari muda wote. Mjini ni raha kuiendesha. Kwenye barabara kuu hunywa zaidi ya ilivyotarajiwa, kwa kuwa petroli inageuzwa umeme kwanza na umeme kugeuzwa mwendo, na kila mgeuzo una hasara yake.

Betri kubwa

Hofu kubwa ya wanunuzi ni betri inayoendesha mota, na hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi huelekezwa pasipo. Betri ya Aqua ni ndogo sana: haifikii hata saa-kilowati 1, wakati gari la umeme la Nissan Leaf lilianza mwaka 2010 na saa-kilowati 24. Kwa hiyo bei ya kuibadilisha haiwezi kulinganishwa na ya gari la umeme. Kompyuta nayo huilinda isijae kabisa wala isiishe kabisa, na ndiyo maana betri za nikeli za Toyota zimeweza kudumu miaka kumi na zaidi katika magari mengi.

Kinachoiua ni joto. Betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Tundu hilo likifunikwa na mkoba, blanketi la mtoto au magunia, au feni ikijaa vumbi la barabara zetu na nyuzi za zulia, seli za katikati hupata moto kuliko za pembeni, huchoka mapema, na betri nzima hushuka hadi kiwango cha seli iliyo dhaifu kuliko zote. Kusafisha feni na chujio lake mara moja kwa mwaka, au mara mbili kwa anayekaa kwenye vumbi, ni kazi ya saa chache yenye faida kuliko nyongeza yoyote inayouzwa dukani. Na gari likiachwa juani madirisha yamefungwa, yafunguliwe kwanza dakika moja au mbili na kiyoyozi kiwashwe, kwa sababu hewa anayoivuta dereva ndiyo inayoipoza betri.

Kukaa bila kutumika nako ni adui. Gari lililoegeshwa miezi mitano likimsubiri mwenyewe aliyeko Muscat au Toronto hurudi kwake na betri iliyochoka. Aliyeachiwa funguo aliendeshe walau nusu saa kila wiki.

Betri ikianza kufa, ishara ni tatu: kipimo cha chaji kwenye skrini kinapanda na kushuka upesi isivyo kawaida, feni ya nyuma inavuma kwa sauti kubwa hata katika safari fupi, na injini inawaka mara kwa mara gari likiwa limesimama. Mwishowe huwaka taa ya pembetatu nyekundu. Fundi akiunganisha mashine ya uchunguzi kwenye Toyota mara nyingi husoma kosa P0A80. Hapo kuna njia mbili. Moja ni kubadilisha seli mbovu tu, ambayo ni rahisi mwanzoni; lakini seli zilizobaki zina umri uleule, na baada ya miezi nyingine huanguka, gari likarudi gereji tena na tena. Nyingine ni kubadilisha betri yote kwa iliyo mpya au iliyopimwa vizuri. Kwa dereva anayekula kwa gari hilo, siku zilizopotea gereji zina gharama yake, na njia ya pili humfaa zaidi.

Bei ya betri iulizwe kwa wauzaji wawili au watatu kabla ya kununua gari, si baada ya taa kuwaka. Kiasi hicho kikigawanywa kwa miezi ambayo mnunuzi anatarajia kukaa na gari, sehemu yake itengwe kila mwezi kutoka kwenye akiba ya mafuta. Mwenye kuila akiba yote tangu mwezi wa kwanza hajaokoa chochote, ameahirisha deni.

Siku ya kukagua gari

Gari likaguliwe likiwa limelala usiku kucha, ili injini iwake ikiwa baridi. Fundi awe na mashine inayoweza kusoma volti za kila kundi la seli. Namba zikikaribiana wakati gari limesimama na pia linapokanyagwa mafuta kwa nguvu, betri ni nzima. Kundi moja likianguka mbali na mengine wakati wa kukanyaga, muuzaji apunguze bei ya betri nzima au mnunuzi aondoke. Makosa yaliyofutwa jana hayaonekani leo, hivyo jaribio la kuzunguka mtaa mara moja halitoshi. Gari liendeshwe nusu saa au zaidi, lipande mlima, likae foleni, likiwa na kiyoyozi, kisha lisomwe tena.

Karatasi ya mnada kutoka Japani huonyesha kilomita za kweli na ajali za nyuma, na nakala yake itafutwe kwa namba ya chesisi badala ya kupokewa mkononi mwa muuzaji peke yake. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni uhalifu wa kawaida katika biashara hii, na kwenye haibridi huuma mara mbili kwa sababu umri wa betri hufichwa pamoja nao. Zulia la nyuma linyanyuliwe na sehemu ya chini ya kiti inuswe. Matope makavu, kutu kwenye boliti za viti au harufu ya ukungu humaanisha gari liliingia maji, na gari ambalo betri yake ya volti zaidi ya mia moja ilizama, iwe kwenye mafuriko ya Jangwani jijini Dar es Salaam au kwingineko, halifai kununuliwa kwa bei yoyote. Nyaya nene za rangi ya chungwa ndizo zenye umeme huo mkubwa. Zikionekana zimekatwa na kuunganishwa kwa utepe, hilo nalo ni gari la kuachwa.

Uendeshaji na matunzo

Dereva wa haibridi anayekimbia na kufunga breki ghafla hupoteza nusu ya kilichomfanya alinunue. Breki ikanyagwe mapema na polepole, ili mota ivune badala ya pedi kula. Kwenye foleni gia ibaki D, au iwekwe P kama kusimama ni kurefu. Haifai kukaa N, kwa sababu katika N gari la Toyota halichaji betri hata injini ikiwa inawaka. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga au ule wa kushuka bonde la ufa kutoka Limuru, betri ya mota hujaa baada ya kilomita chache na haina tena pa kupokea umeme. Hapo dereva aweke B, injini izuie mwendo, breki zisipate moto kupita kiasi.

Mbali na betri kubwa, kuna betri ndogo ya volti 12, mara nyingi iliyofichwa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikiisha, gari halitawaka hata kama betri kubwa imejaa, na wengi wameuziwa betri kubwa wasiyoihitaji kwa sababu ya ile ndogo. Ipimwe kwanza. Gari likigoma, haliwashwi kwa kusukumwa.

Oili inayopendekezwa kwa nyingi ya injini hizi ni 0W-20, nyepesi kuliko mafundi wengi walivyozoea, na nzito huongeza ulaji wa mafuta. Kipozeo cha kibadilishi cha umeme kina chupa yake peke yake, tofauti na ya rejeta, na maji ya bomba yasitiwe humo kamwe. Kiyoyozi ni mahali pa kuwa macho zaidi. Kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa, na oili yake ni ile isiyopitisha umeme, inayoandikwa ND-11 kwa Toyota. Fundi wa gesi akitia oili ya magari ya kawaida, hata kidogo, kinga ya umeme inaharibika na gari zima linaweza kukataa kuwaka. Mwenye gari aulize oili hiyo kwa jina kabla mpira wa gesi haujaunganishwa, na asipopata jibu lililonyooka atafute gereji nyingine.

Gari likiharibika njiani, haibridi ya Toyota inayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele isivutwe kwa kamba umbali mrefu magurudumu hayo yakiwa chini, kwani yakizunguka mota nazo huzunguka, na gia inaweza kuungua. Ibebwe juu ya lori, au sehemu ya mbele inyanyuliwe. Na likipata ajali, mtu yeyote asiguse nyaya za chungwa. Funguo ziondolewe na kuwekwa mbali, betri ndogo ichomolewe kama inafikika, na waokoaji waelezwe mara moja kuwa gari ni la haibridi, kwa kuwa ukimya wa injini hauonyeshi kuwa limezima.